Oda za Meza ya Kumi na Tatu

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Daftari kwenye ujia wa nyuma ya jiko, sinia la supu mkono wa kushoto, kitasa cha mlango wa stoo mkono wa kulia. Wapo walioniandikia kulalamika kwamba nimewakosesha usingizi. Poleni, lakini hata mwenzenu hakuwa na raha pale alipokuwa.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilikwenda kufungia sabuni, shika haya machache twende pamoja. Daftari ni mhudumu wa mkahawa, mwaka wa kumi na tisa huu. Jina hilo alipewa kwa sababu hajawahi kuandika oda hata moja. Zote huziweka kichwani na hakosei. Lakini miezi mitatu iliyopita kila meza ilibandikwa stika yenye madoadoa meusi. Mteja anaielekezea simu, anachagua chakula, oda inaruka hadi jikoni bila kupitia kinywa cha mtu, na akishiba analipa kwa simu hiyo hiyo. Wahudumu walikuwa sita. Wamebaki wawili.

Na sasa zimekuwa zikiingia oda kutoka meza ya kumi na tatu, nane kabla ya ile ya leo. Chakula kinapikwa, mlaji haonekani. Ataonekana vipi, na ukumbini zipo meza kumi na mbili tu? Ya kumi na tatu ilivunjika mguu zamani ikatupwa stoo. Oda ya leo ilikuwa na maneno mapya chini yake: Daftari alete mwenyewe.

Basi akausukuma mlango.

Hakuna mtu.

Ilikuwa stoo ile ile ya kila siku: magunia ya viazi, madumu ya mafuta, feni mbovu, na taa inayowaka ikijisikia. Meza ilikuwa imeegemezwa ukutani na miguu yake mitatu, imebebeshwa ndoo mbili za rangi. Daftari aliweka sinia sakafuni, akashusha ndoo moja baada ya nyingine, akapapasa pembe ya meza. Hata meza hii ilipewa stika, kwa sababu fundi aliyezibandika alihesabu meza kwenye orodha ya zamani.

Vidole vyake vikakuta mraba wa gundi kavu. Stika haipo. Mtu ameibandua.

"Unatafuta nini humo, dada yangu?"

Daftari aligeuka nusura apige teke supu. Mlangoni alisimama kijana aliyevaa raba nyeupe zisizotoa mlio, zile ambazo wafanyakazi walikwisha kuziogopa. Huyu alikuwa mkwe wa mwenye mkahawa, mume wa binti yake wa pekee. Ndiye aliyeleta stika, ndiye aliyeleta mashine. Mbele yake walimwita bwana. Nyuma yake walimwita Bwana Mfumo.

"Natafuta mteja," alisema Daftari. "Ameagiza."

"Umempata?"

"Sijampata."

"Ajabu." Bwana Mfumo aliinua simu yake. Mwanga ukammulika Daftari usoni, na kabla hajakunja uso picha ilikwisha kupigwa: yeye, sinia, meza ya kumi na tatu. "Kumbukumbu tu. Usiwe na wasiwasi."

"Mtu asiye na neno hapigwi picha stoo."

"Dada yangu, mfumo hauna ugomvi na mtu. Unaandika kinachotokea, basi." Akaushusha mkono wenye simu, akaongea kwa upole, na upole wake ndio uliomtia Daftari baridi. "Lakini hebu nisaidie. Ndani ya mkahawa huu, ni nani mwingine anayejua kwamba yule mzee karani anataka mkate wake uchomwe upande mmoja? Wewe peke yako. Twende kwa Mama."

Mama ndiye mwenye mkahawa. Mjane, mfupi, macho mazito kidogo ila masikio mepesi. Tangu mkahawa ufunguliwe amekaa kwenye kaunta ile karibu na dirisha, na hata sasa, wakati kazi ya kaunta imemezwa na simu za watu, bado anakaa pale pale. Mbele yake kuna kiprinta kidogo. Kila oda ikiingia jikoni, nakala hutoka pale kwa mlio wa panya, naye huichana na kuiweka kwenye msumari.

Alitazama picha kwenye simu ya mkwewe. Aliitazama sana.

"Daftari."

"Abee, Mama."

"Sisi wawili tumekaa pamoja miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu."

"Kweli, Mama."

"Basi usinifanye nikaonekana mjinga mbele ya watoto. Saa hizi ni saa nane na nusu. Ikifika saa tisa, niletee anayeagiza chakula cha mizimu. Ukimleta, ataondoka yeye." Mama alikunja nakala ya leo ya meza ya kumi na tatu mara mbili, akamtia mkononi. "Usipomleta, nitaipokea aproni yako kwa mikono yangu miwili, na nitalia. Lakini nitaipokea."

Bwana Mfumo alitazama nje ya dirisha kama mtu asiyehusika.

Nusu saa. Msomaji, wewe unaweza kuimaliza nusu saa kwa kutafuta funguo zako. Daftari alikuwa na nusu saa ya kuokoa miaka kumi na tisa, na si yake peke yake. Nyumbani kwake kuna watoto wawili wa marehemu dada yake, wanaomwita mama mdogo, mmoja akiwa mwaka wa mwisho shuleni. Baba yao yu hai, tena hayuko mbali. Ndiye mpishi wa mkahawa huu huu. Kwa hiyo mhudumu na mpishi ni mtu na shemejiye, wanaishi kiwanja kimoja, wanalea watoto pamoja, na wamekuwa wakigombana kwa furaha kupitia kidirisha cha jiko tangu watoto hao hawajazaliwa.

Daftari aliketi kwenye meza ya sita, iliyokuwa tupu, akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa amezichomoa kwenye msumari moja moja, zote nane za kabla ya leo. Mbili za kwanza ziliandikwa neno moja tu, chai. Sita zilizofuata zilikuwa za supu.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Mzee Karani mwenyewe. Supu hiyo ni yake. Alikuwa akiila kila siku ya kazi mpaka stika zilipobandikwa. Siku ile aliitazama meza yake, akauliza, "Nimekuja kula au nimekuja kufanya mtihani?" Akachukua kofia yake, akaondoka. Je, haiwezekani anawakomoa kutoka huko aliko?

Haiwezekani. Mzee Karani ana simu ya tochi. Simu ile inapiga, inapokea, na inamulika chooni. Haiwezi kuagiza hata maji.

Akazisoma tena, polepole safari hii. Na hapo ndipo alipoona.

Supu isichemke sana. Mkate upande mmoja tu. Limau lisiwe na mbegu. Na usinune.

Na usinune.

Ni mteja gani duniani anayemwandikia mpishi asinune? Hakuna. Hayo yalikuwa maneno yake yeye Daftari. Ndivyo alivyokuwa akiipaza oda ya Mzee Karani kidirishani, kila siku, miaka nenda miaka rudi, na mwisho wake kumtania shemeji yake anayenuna akiambiwa supu isichemke. Mtu alikuwa ameyachukua maneno kinywani mwake neno kwa neno, akayaweka kwenye karatasi.

Na maneno yale yalikuwa yakipita kidirishani kwenda kwenye masikio ya mtu mmoja tu.

"Shemeji," alinong'ona Daftari. "Hapana. Si wewe."

Akainuka.

Jikoni kulikuwa na joto na kimya. Kimya hicho kilikuwa kigeni. Zamani jiko hili lilikuwa soko. Sasa ilisikika sufuria tu, na ukutani, juu ya ubao wa kukatia, ilining'inia tableti yenye kioo kinachong'aa, inaonyesha oda na kuhesabu dakika. Dakika zikizidi kumi, kioo kinakuwa chekundu.

"Tayari," alisema mpishi, akiuambia ukuta.

Oda moja ikafutika kwenye kioo. Mwanzoni alikuwa akiigusa kwa kidole, lakini mikono ya mpishi ina mafuta, kioo kikawa kama sakafu ya gereji. Bwana Mfumo akaitengeneza upya iwe inasikia neno hilo, ili mpishi asiiguse kabisa. Wafanyakazi walicheka wiki nzima. Mzee wa watu amefundishwa kuongea na ukuta.

Daftari alizipanga karatasi sita kwenye ubao, kati ya vitunguu.

"Soma."

"Miwani yangu iko nyumbani."

"Miwani yako iko kichwani."

Mpishi aliishusha, akasoma. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye mabega ya kubeba mlango, lakini alipofika kwenye maneno ya mwisho mabega yalilegea.

"Haya ni maneno yako," alisema.

"Najua ni yangu. Nauliza yamefikaje hapa. Nani mwingine ameyasikia zaidi yako?"

Mpishi alichukua kitambaa, akafuta ubao uliokuwa safi.

"Shemeji, nina dakika ishirini. Watanivua aproni. Nimekulelea wanao, sijakudai hata asante, na wala siidai leo. Nataka neno moja la kweli. Stika ya stoo ameichukua nani?"

"Mimi."

Daftari alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameliuliza swali akitumaini kwa nguvu zote asijibiwe hivyo. Kumbe ndiyo maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ndiyo unayoifua kila Jumapili na kuianika.

"Kwa nini?"

"Nilitaka yule kijana aaibike. Mashine yake ionekane inaota. Niliibandua, nikaibandika ndani ya kabati la vyombo, nikaielekezea simu. Unajua kule kuna picha ya kikombe? Unaigusa tu. Nikaigusa. Kesho yake nikaigusa tena."

"Chai."

"Chai mbili. Kisha nikasikia wewe ndiye unayehojiwa. Stika nikaitia kwenye moto siku hiyo hiyo."

"Na supu?"

"Supu sijui."

"Usinifanye mtoto, shemeji."

"Sijui." Mpishi alinyanyua mikono yake, vidole kama ndizi zilizoshiba. "Kwa vidole hivi niandike mstari mzima kwenye simu? Ujumbe wa kukuambia nunua chumvi hunichukua nusu saa, na bado huwa unanipigia kuuliza nimesema nini. Ningekuwa mimi, ingekuwa chai mpaka leo."

Hilo lilikuwa kweli, tena kweli tupu. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa sababu umeifungulia mlango.

"Hayo maneno hayatoki hewani," alisema Daftari. "Na mimi sijayasema tangu mzee aondoke."

"Umeyasema. Jumatano ile."

Jumatano ile. Kweli. Ilikuwa siku mtandao ulipolala kuanzia asubuhi. Simu zote ukumbini ziligeuka vioo vya kujitazamia, kioo cha jikoni kikawaka bila oda, na watu wakaanza kuwaita wahudumu kama zamani. Mzee Karani alikuwa akipita barabarani. Aliona midomo inacheza, akaingia, akakaa mezani kwake. Daftari nusura amkumbatie. Alikwenda kidirishani akaipaza oda yake kwa sauti ya zamani, Supu ya Karani, isichemke sana, mpaka mwisho, mpaka kwenye na usinune.

"Nilicheka mpaka nikaunguza kitunguu," alisema mpishi, sasa bila kumtazama. "Miezi mitatu sijaitwa jina humu ndani. Karatasi haiiti mtu, shemeji. Kioo hakiniiti. Siku ile ulipopaza sauti, nilijiona bado ni mtu na kazi yangu. Nikatamani mtandao ufe moja kwa moja."

Daftari alijisikia kulia, akaikataa ile hali haraka. Kichwa chake, kile kisichohitaji kalamu, kilikuwa kimeanza kupanga.

Jumatano alisema maneno yale. Alhamisi ikaja oda ya kwanza ya supu. Siku ile ya Jumatano kidirishani walikuwa wawili tu, yeye upande wa ukumbini na shemeji upande wa jikoni. Bwana Mfumo alishinda kwenye ofisi za watu wa mtandao, alirudi jioni akiwa amekunja uso. Hakumwona Mzee Karani akila. Na siku za nyuma, kabla ya stika, hakuwa hata akikanyaga mkahawani.

Sasa mbona kule stoo alisema yule mzee karani?

Karatasi sita ziko hapa mezani. Hakuna hata moja iliyoandikwa Karani. Oda ilisema supu, mkate na limau. Jina la mwenye supu lilitajwa mara moja tu, kwa mdomo, Jumatano, kwenye kidirisha cha jiko hili.

"Shemeji," alisema taratibu. "Hebu soma na hii ya leo."

Mpishi aliisoma ile karatasi ya saba ya supu, yenye maneno mapya. Safari hii uso wake ulibadilika kabisa.

"Daftari alete mwenyewe. Haya ni yangu."

"Umeandika?"

"Nimesema. Leo asubuhi. Yule mwenzako alimwaga sinia la meza ya pili, nikakasirika, nikasema heri Daftari alete mwenyewe."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilikuwa peke yangu nakata vitunguu. Nilijisemea."

Wakatazamana. Chungu kilikuwa kinachemka nyuma yao, na kwa mara ya kwanza mpishi hakukijali.

Msomaji, najua wewe umekwisha kuelewa na unataka kuwapigia kelele kutoka hapo ulipokaa. Lakini kumbuka, wewe umekaa. Wao walikuwa na saa ya ukutani, na saa hiyo ilionyesha tisa kasoro dakika nne. Mtu mwenye haraka huona lililo mbele ya pua yake mwisho kabisa.

Mpishi alianza kufungua aproni.

"Unafanya nini?"

"Naenda kumwambia Mama. Stika niliiiba mimi. Nilianza mimi. Wewe hujui lolote."

"Akikufukuza?"

"Anifukuze."

"Na mimi ataniweka? Dada wa marehemu mkeo, ninayekaa nawe kiwanja kimoja? Atasema tulipanga. Tutatoka wote wawili mlango mmoja. Yule mtoto ana mwaka mmoja amalize shule, atamaliza na nini?" Daftari alimfunga aproni yake tena, akakaza fundo mgongoni kama anavyomfunga mtoto. "Mhudumu anapatikana, sasa hata stika ni mhudumu. Mpishi hapatikani. Mmoja wetu lazima abaki na jiko hili, na jiko ni lako."

"Daftari, siwezi kukaa kimya wakati..."

Alimshika mkono. Akasogea karibu, hapo hapo kando ya ubao wa vitunguu, akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu.

"Usiseme kitu, shemeji. Niachie mimi."

Akatoka.

Ukumbi ulikuwa umepungua. Wateja watatu wa mwisho walikuwa wameinamia simu zao, kila mmoja na lake. Mama alikuwa amekwisha kuisafisha kaunta na kuweka mikono juu yake. Bwana Mfumo alisimama kando, simu mkononi, raba zake zimepangana vizuri. Daftari alitembea kwa mwendo ule ule wa miaka kumi na tisa, mgongo umenyooka, kama amebeba sinia lisiloonekana. Alikuwa ameshaamua. Atasema hamjui mtu. Atavua aproni mwenyewe kabla hajaambiwa, ataikunja vizuri, na kulia atakwenda kulia mbele ya safari.

"Saa tisa," alisema Mama.

"Nimefika, Mama."

"Umemleta?"

"Mama, mimi..."

Kiprinta kikalia.

Mlio ule ule wa panya. Karatasi ikatoka kidogo kidogo, ikajikunja yenyewe. Mama aliichana kwa mazoea, akaivuta miwani, akasoma namba kwanza kama anavyosoma siku zote.

"Meza ya kumi na tatu," alisema.

Daftari alipumua. Alikuwa amesimama mbele yao, mikono mitupu. Simu yake ilikuwa imezimwa kabatini tangu asubuhi. Kama kulikuwa na Mungu wa wahudumu, basi leo ameamka.

"Umeona, Mama? Mimi niko hapa. Si mimi ninayeagiza."

Lakini Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa anaendelea kusoma, midomo inasogea, na rangi ya uso wake ikawa inabadilika mstari kwa mstari. Alipomaliza alirudia mwanzo, safari hii kwa sauti, ili wote wasikie.

"Supu moja. Usiseme kitu, shemeji. Niachie mimi."

Kijiko kilianguka mahali fulani ukumbini.

Yalikuwa maneno ya Daftari. Maneno hayo hayakuwa yametimiza hata dakika mbili tangu yamtoke. Alikuwa ameyanong'ona. Hata mvuke wa sufuria haukuyasikia.

Aligeuza kichwa, akatazama jikoni kupitia kidirisha. Shemeji yake alikuwa amesimama pale pale alipomwacha, bakuli la supu mikononi, mdomo wazi. Juu ya kichwa chake tableti iling'aa. Kipi kingine jikoni mle kilichofundishwa kusikia? Bibi yake Daftari alikuwa akiwaonya kwamba ukuta una masikio. Marehemu hakuishi akauona ukuta unaoandika.

Dakika kwenye kioo zilikuwa zimegeuka nyekundu. Supu ya wateja ilikuwa tayari, inapoa, na mpishi hakuthubutu kulitamka lile neno lake moja.

"Daftari," alisema Mama. Sauti yake haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ingekuwa afadhali. "Shemeji yako asiseme nini?"

Kila jibu lilimjia na kila jibu lilimwogopesha. Akisema ukweli, anamtaja shemeji. Akisema sijui, karatasi inamkana. Na chochote atakachokisema hapa kwa sauti, nani anajua kitatokea wapi, lini, na kimekatwa wapi? Maana hata jina la Mzee Karani lilikatwa. Aliyelikata alilijua.

Akamtazama Bwana Mfumo. Alitarajia kumkuta anatabasamu. Hakutabasamu. Alikuwa ameiweka simu yake juu ya kaunta, uso chini, na kuifunika kwa kiganja, kama mtu anayemfunika kuku asipige kelele. Tangu kiprinta kilie hakuwa ameitazama ile karatasi hata mara moja. Mtu asiyetaka kujua kilichoandikwa ni yule anayekijua tayari.

"Mama," alisema Daftari. "Naomba kalamu."

Mama alifikiri hakusikia vizuri. "Unaomba nini?"

"Kalamu, Mama."

Miaka kumi na tisa hakuwahi kuishika ndani ya mkahawa ule. Mama aliivuta kutoka kwenye nywele zake, alikokuwa akiichomeka tangu enzi za vitabu vya risiti, akampa. Daftari aliigeuza ile karatasi ya meza ya kumi na tatu, akaandika nyuma yake. Mkono wake haukuwa na mazoea, herufi zilikwenda upande. Akaisukuma taratibu juu ya kaunta.

Mama alisoma.

Mama, tunasikilizwa. Muulize amemjulia wapi Karani.

Mjane yule aliinua uso. Alimtazama Daftari. Alitazama kidirishani, kwa mpishi aliyeganda na bakuli lake, kisha juu ya kichwa chake, kwenye kile kioo chekundu. Halafu aliikunja karatasi ikawa ndogo, akaitia mfukoni na si kwenye msumari, na akamgeukia mume wa binti yake.

"Mkwe," alisema, akinyoosha mkono. "Geuza hiyo simu niione."

Kiganja cha Bwana Mfumo kilibaki pale pale.